Barabara Iliyodhaniwa Uwanja

Ndege ilitua salama, ila haikutua uwanjani.

Siku ya Jumanne moja ya Februari mwaka 1999, saa nne na dakika kumi asubuhi, ndege ndogo iliyobeba abiria saba iliteremka juu ya barabara ya murram kusini mwa Kitengela, katika mbuga iliyokuwa imekwisha kukatwakatwa ploti za kuuzwa. Greda lilikuwa limeichonga barabara hiyo wiki tatu nyuma, likaiacha pana, nyekundu, imenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Hakufa mwanadamu, na sifa zote ni za Mola. Alikufa fahali mmoja wa mzee Kuntai, na pangaboi la ndege likapinda. Abiria mmoja, mtu wa tai na mkoba, alishuka, akamwuliza mzee huyo teksi zinapatikana wapi.

"Teksi?" alisema mzee Kuntai, amesimama kando ya mzoga wa fahali wake. "Hapa mwezi uliopita hakukuwa hata na barabara."

Uwanja wa kweli ulikuwa kilomita tisa mbele. Ulikuwa uwanja mdogo, wenye njia moja ya kurukia na mnara mmoja wa kuongozea ndege; na katika mnara huo, asubuhi hiyo, zamu ilikuwa ya Naliaka.

Walikuwa na desturi yao marubani wa njia ile. Rubani akifika juu ya machimbo ya mawe, hutangaza redioni kwamba anauona uwanja, hata kama bado hajauona, kwa kuwa ukishapita machimbo uwanja haukosi kujitokeza. Mwongozaji naye humjibu aje kwa macho yake. Neno hilo likishatamkwa, kanuni humtwika rubani mzigo wote: amesema anaona, basi na atue. Kapteni Hiram, rubani wa siku hiyo, alilisema neno hilo juu ya machimbo kama alivyolisema kwa miaka thelathini. Naliaka alimjibu kama alivyojibu kwa miaka kumi na mmoja. Sauti zote mbili zilinaswa kwenye kanda, tulivu kama za majirani wanaosalimiana ugani.

Wakubwa wakamwondoa Naliaka kwenye zamu mpaka uchunguzi ukamilike. Kamati ingekaa Kajiado, katika ukumbi wa wilaya, ili wafugaji walioshuhudia wapate kufika. Kilichokuwa hatarini kwa Naliaka kilikuwa kitu kimoja: leseni yake ya kuongoza ndege, kijitabu cha jalada la buluu ambacho katika ukoo wao wote, kutoka Bungoma hadi Kitengela, hakuna mwingine aliyewahi kupewa.

*

Kila asubuhi ya zile wiki tatu za kungoja, Naliaka aliamka, akaoga, akavaa shati lake jeupe la kazi lililopigwa pasi, kisha akaketi nyumbani. Mumewe Ochola, mwalimu wa shule ya msingi, alimwona siku ya kwanza na ya pili, na siku ya tatu akashindwa kuvumilia.

"Mama Lorine, hiyo shati unavalia nani?"

"Mimi sijafutwa, Baba Lorine. Wakiniita saa hii, watanikuta tayari."

Hawakumwita. Waliomwita ni wengine. Wamaitha, mwenye nyumba waliyopanga, alimkuta kwenye kamba ya nguo siku ya Ijumaa, wapangaji wengine wakiwa hapo na mabeseni yao.

"Mama Lorine, hata leo hatujaenda kazi?"

"Niko likizo, Mama Ann."

"Likizo ni kitu mzuri sana." Wamaitha aliinua kidole, sauti yake ikapanda ili kila beseni lisikie. "Lakini ukirudi, tafadhali, usinitumie ndege kwa ploti. Mimi niko na ploti mbili kwa hiyo barabara, na nimeshapanda maharagwe."

Wapangaji walicheka. Naliaka alibana kibanio cha mwisho, akachukua beseni lake. "Nitawaambia marubani, Mama Ann, kwamba hapo ni kwa mtu mwenye maneno. Hawatathubutu." Wakacheka tena, safari hii kwa upande wake; naye akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Kanisani, somo alilokuwa alisome Jumapili alipewa mwingine, "ili upumzike, dada." Shuleni, Lorine, bintiye wa kidato cha pili, aliulizwa na wenziwe kama mama yake huongoza ndege ama huongoza mifugo. Lorine alirudi nyumbani akatupa mkoba juu ya kiti.

"Mathe, niambie tu. Ni wewe ulikosea ama ni huyo pilot?"

"Kanda inasema ni yeye aliyesema anaona."

"Basi uko poa. Kesho naenda kuwaambia."

Naliaka alitaka kusema jambo. Akamwambia akanawe mikono, chakula ki tayari.

*

Jumamosi alasiri alikuja Bwana Maweu, mkuu wa mnara, ameendesha gari lake mwenyewe na amebeba mkate na maziwa kama mtu anayekwenda kuhani. Alikuwa bosi asiye na ubaya, mpole wa sauti, ambaye katika maisha yake hakuna alichokipenda kama faili iliyofungwa.

"Naliaka, nimesikiliza hiyo kanda mara tano," alisema, akikoroga chai. "Iko safi kabisa. Hiram alisema anaona. Wewe ukamwambia aje. Kwa kanuni, hapo umetoka."

"Na barabara mpya?"

"Barabara si yetu. Rubani wa miaka thelathini akishindwa kutofautisha murram na lami, hiyo ni macho yake." Aliweka kijiko chini. "Hata hali ya hewa iko upande wetu. Kitabu cha zamu kinasema saa nne macho yanafika kilomita nane. Mwandiko ni wako. Hapo hata wakija na mawakili kumi, wameisha."

Naliaka alikitazama kikombe chake.

"Jumatatu jibu tu kile umeulizwa," Maweu aliendelea. "Wakikuletea kikombe, jaza kikombe. Usiwajazie debe hawajakuletea. Jumatano uko mnarani."

Ochola alimsindikiza mgeni hadi kwenye gari, akarudi akisugua viganja, uso umeng'aa kwa mara ya kwanza tangu siku ya ajali. "Umesikia? Jumatano!" Kisha akamwona mkewe hajainuka kitini.

"Nini tena?"

Naliaka alimweleza. Alimweleza polepole, kama anayetoa mwiba kwenye wayo wa mtoto. Kila saa, mwongozaji hutakiwa asimame dirishani, atazame alama zinazojulikana: tangi la maji lililo kilomita tatu, kilima kilicho kilomita tano, maghala ya saruji ya Athi River yaliyo kilomita nane. Anachokiona ndicho anachokiandika. Macho yasipofika kilomita tano, rubani haruhusiwi kuja kwa macho yake. Huongozwa kwa vyombo au huambiwa azunguke angoje. Lakini wakati wa kiangazi kila siku hufanana na mwenzake, na saa hufanana na saa. Mkono huandika nane kabla jicho halijainuka.

"Siku hiyo," alisema Naliaka, "niliandika nane. Halafu, baada ya simu kulia na watu kuanza kukimbia, ndio nikaangalia dirisha. Vumbi lilikuwa limefunika kila kitu. Maghala sikuyaona. Kilima sikukiona. Baba Lorine, hata tangi lenyewe nilikuwa nalikisia."

Ochola alikaa.

"Nani anajua?"

"Mimi. Sasa na wewe."

"Basi liishie hapa." Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililomuumiza Naliaka zaidi. "Hukusema uongo. Uliandika vile nyote mnaandikanga. Huyo Hiram alisema anaona na haoni; si yeye ndiye alianza? Tuko na mtoto wa sekondari. Wewe ndiwe mwanamke wa pekee kwa huo mnara. Ukianguka, watasema wanawake wameanguka. Nakuomba, Mama Lorine. Sijawahi kukuomba kitu kama hiki."

Ilikuwa kweli, hakuwahi. Kwa hiyo Naliaka aliitikia kwa kichwa, na usingizi wa nyumba hiyo ukawa mwepesi kuanzia siku hiyo.

*

Ukumbi wa Kajiado ulijaa Jumatatu kabla ya saa tatu, kwani ilikuwa siku ya mnada wa mifugo na watu wengi walikuwa mjini tayari. Wafugaji waliingia na fimbo zao, wakaambiwa waziache mlangoni. Wakazipanga ukutani moja moja. Mezani walikaa watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo aitwaye Florence, mwenye miwani na maneno machache. Kulia kwake alikaa mjumbe mmoja mnene, Bwana Katoo, ambaye kila alipouliza swali alitazama kwanza kama ukumbi unamsikiliza.

Nje, kabla ya kuingia, Kapteni Hiram alimkuta Naliaka kwenye kibaraza. Walikuwa wamesemezana kwa redio maelfu ya mara, lakini hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Alikuwa mzee mrefu aliyenyoa kwa uangalifu, koti lake limepauka mabegani.

"Kumbe ndiye wewe," alisema. "Nilidhani uko mkubwa kuliko hivi. Sauti yako iko kubwa."

"Pole, Kapteni."

"Usiniambie pole. Ni mimi nilisema nauona. Miaka thelathini nimesema nauona pale kwa machimbo, na kila siku uwanja ulikuwepo. Siku moja haukuwepo, na mimi nikatafuta kitu cha kufanana nao." Alivaa kofia yake. "Sikuombi kitu, mama. Nataka tu ujue sina kinyongo."

Ndani, Hiram aliitwa kwanza. Alikiri kwamba alitamka neno kabla ya kuona. Aliongeza kwamba vumbi lilikuwa zito mno; laiti mnara ungemwambia hali ilivyo, angezunguka. Bwana Katoo alifunua kitabu cha zamu, akakigeuza ili ukumbi ukione.

"Kapteni, hapa imeandikwa kilomita nane. Saa nne kamili. Hilo vumbi lako lilitoka wapi katika dakika kumi?"

"Mimi nasema nilichokutana nacho."

"Ulikutana na barabara, bwana," alisema Katoo, na baadhi ya watu wakacheka. Hiram alirudi kitini, amenyooka, hakumtazama mtu.

Kisha akaitwa mzee Kuntai. Aliapa, akasimama mbele ya meza akiwa na shuka lake na viatu vya matairi. Alieleza jinsi ndege ilivyoshuka, jinsi fahali wake alivyokufa, na jinsi rubani alivyotoka ndani "akitazama huku na huku kama mgeni aliyeingia boma ambalo hakualikwa."

"Na vumbi, mzee?" aliuliza Mwenyekiti. "Lilikuwepo?"

"Lilikuwepo tangu alfajiri. Upepo ulilileta kutoka upande wa Bisil. Mimi nilikuwa nyuma ya ng'ombe zangu, na ng'ombe ya mbele sikuiona. Nilikuwa nasikia kengele tu."

Bwana Katoo alitabasamu. "Mzee wangu, rekodi rasmi inasema macho yalifika kilomita nane. Wewe unasema hukuona ng'ombe. Sasa tuamini nani?"

"Mimi nilikuwa hapo."

"Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

Mzee Kuntai alilivuta shuka lake begani.

"Unajua kilomita moja ni kiasi gani? Au unapima kwa kengele?" Katoo alifunga kitabu. "Ama labda tukisema kulikuwa na vumbi, mtu atalipwa fahali haraka zaidi? Mzee, uongo mbele ya kamati hii ni makosa. Umeapa."

Hakuna aliyecheka safari hii, lakini wafugaji walioketi nyuma waliinamisha vichwa, na mzee Kuntai akabaki amesimama, mikono wazi, akitafuta fimbo ambayo alikuwa ameiacha mlangoni. Alikuwa mtu ambaye neno lake lilimaliza kesi za malisho kutoka Isinya mpaka mpakani. Sasa alikuwa ameitwa mwongo mbele ya vijana wake, na kilichomwita mwongo ilikuwa tarakimu moja.

Naliaka aliitazama tarakimu hiyo ndani ya kitabu kilichofungwa, kana kwamba jalada lilikuwa kioo. Iliandikwa na mkono wake. Hakuiandika ili imdhuru mtu. Aliiandika kwa uvivu mdogo wa siku inayofanana na siku. Lakini ushahidi ni amana, na amana haiulizi kama uliivunja kwa makusudi au kwa mazoea. Aligeuka akamtazama Ochola, aliyeketi safu ya tatu kwa suti yake ya harusi. Ochola alikuwa akimtazama mzee Kuntai. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu aliyeona babaye akizabwa kofi.

Naliaka alisimama kabla hajaitwa.

"Mama, zamu yako bado," alisema Katoo.

"Najua. Naomba mzee asiketi kwanza." Sauti yake ilikuwa ileile ya redioni, tulivu, kila neno limekatwa sawasawa. "Hajasema uongo. Mimi ndiye nilikuwa mnarani. Hiyo nane niliiandika bila kutazama dirisha. Niliinakili kutoka saa iliyotangulia, kama nilivyozoea wakati wa kiangazi. Nilipotazama, baada ya ajali, sikuona maghala, sikuona kilima. Kama ningetazama saa nne, nisingemruhusu Kapteni aje kwa macho yake. Yeye alisema anaona kitu asichokiona. Mimi niliandika hivyohivyo. Tofauti ni kwamba lake limo kwenye kanda."

Nyuma ya ukumbi Bwana Maweu alifunika macho kwa mkono.

Mwenyekiti alivua miwani. "Unaelewa ulichosema, mama? Hakuna aliyekuuliza hilo."

"Naelewa."

"Kwa nini unalisema?"

Naliaka alifikiri. Maneno makubwa yalimjia, akayaacha. "Kwa sababu mzee aliona, naye ndiye mnamwita mwongo."

Mwenyekiti aliandika kwa muda. Kisha akamgeukia Kuntai, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akainuka kitini mwake. "Mzee, kamati hii imekukosea. Ushahidi wako umeandikwa kama ulivyousema." Katoo alipekua karatasi zisizohitaji kupekuliwa.

Hukumu ya kamati ilitolewa saa nane mchana. Kapteni Hiram hangerusha tena ndege ya abiria, lakini lawama haikuwekwa juu yake peke yake. Angestaafu na jina lake. Mnara ungepewa amri mpya: mwongozaji asimjibu rubani aje kwa macho kabla hajamtajia alama atakayoiona upande wa kushoto na wa kulia, na kitabu cha zamu kitiwe sahihi na watu wawili. Naliaka aliambiwa alete leseni yake mezani. Angeikosa mwaka mzima, kisha afanye mitihani upya, iwapo angeruhusiwa kuifanya.

Alitembea mpaka mezani na shati lake jeupe. Akakiweka kijitabu cha buluu kwa mikono miwili, kama anavyokabidhi mtu kitu alichokitunza vizuri.

*

Kwenye ngazi za ukumbi mzee Kuntai alikuwa anangoja. Vijana wake walikuwa nyuma yake, fimbo zao mikononi tena.

"Takwenya, yeyo," alisema, akimsalimu kama mama kwa Kimaasai.

"Iko," alijibu Naliaka, kwa salamu aliyojifunza sokoni.

"Wamekunyang'anya kazi."

"Wamechukua leseni, mzee. Kazi bado iko kichwani."

Mzee alicheka kidogo, meno machache. "Mimi niko na binti sita. Wawili wako shule. Nitawaambia leo niliona mwanamke akisimama." Aliinamisha kichwa, akaenda zake mnadani kutafuta fahali mwingine.

Ochola alitoka mwisho. Naliaka alijiandaa kwa lolote. Alijua alichokivunja: ombi la pekee ambalo mume huyu aliwahi kumwomba.

"Baba Lorine, nilikuahidi—"

"Nyamaza kwanza." Alishuka ngazi moja, akasimama mbele yake. "Nilikuwa nimekaa pale nikiomba usisimame. Kweli kabisa, nilikuwa naomba. Halafu yule jamaa akamwuliza mzee darasa la ngapi. Mama Lorine, ungeketi pale mpaka mwisho, sijui ningekuangalia aje nyumbani."

"Tutamwambia nini Lorine?"

"Nitamwambia mimi. Kuna kitu nataka asikie kutoka kwangu."

Kisha Ochola, mwana wa Siaya, aliyelelewa nyumba ambayo mwanamume hakubeba hata sufuria tupu, alinyoosha mkono akauchukua mkoba wa mkewe. Ulikuwa mkoba mwekundu wa ngozi, wenye mkanda mwembamba na kifungo cha dhahabu ya bandia. Akautundika begani juu ya suti yake, akashuka ngazi.

"Rudisha, Ochola. Watu wanaona."

"Waone."

Njia ya kwenda stendi ilipita katikati ya mnada. Kulikuwa na mbuzi, kelele, madalali wakipigana viganja, na kila mtu aligeuza shingo. Kijana mmoja aliyekuwa amemshika ndama masikioni alipiga mluzi. "Baba! Mkoba imekukaa! Umeoa ama umeolewa?"

Ochola hakupunguza hatua. "Nimeoa," alijibu, kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya zizi, "na huyu hapa ndiye niliyemwoa. Mtazame vizuri."

Kijana alimwachia ndama. Watu wakatazama. Na Naliaka, ambaye hakuwa na leseni wala zamu ya Jumatano, aliinua kichwa akapita katikati yao, hatua mbili nyuma ya mkoba wake.